Nganda: rangi ni ya sosyete, deni ni la mama

Jioni ikifika hapa Kisangani, kutoka Makiso mpaka Mangobo, kutoka Tshopo mpaka Kabondo, na hata ng'ambo ya mto kule Lubunga, viti vya plastiki vinatolewa inje. Mtu anafagia mbele ya nyumba, mwingine anamwaga maji chini ili vumbi ilale, mwingine anawasha makala ya kuchoma samaki. Muziki unaanza polepole. Nganda imefunguliwa.

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza toka Bunia, Isiro ao Kindu anaweza kufikiri kama nganda zote za mji huu ni za tajiri mmoja. Kuta zimepakwa rangi moja, viti vina jina moja mgongoni, meza, miavuli na frigo vyote vinatangaza pombe ileile. Lakini ukiuliza nani mwenye nyumba, mara mingi utaonyeshwa mama mmoja aliyekaa pembeni na daftari yake. Rangi ni ya sosyete. Biashara ni yake, na hasara pia ni yake.

Katika makala haya tunaeleza nganda ni nini, imetoka wapi, inapata faida namna gani, na sababu gani inaanguka haraka. Tutaangalia pia Uingereza, inchi ambako kuna sosyete moja yenye baa karibu 800, ili tuone tofauti iko wapi.

Neno limetoka wapi

Nganda ni neno la Kilingala. Mwanzo halikuwa na maana ya pombe. Nganda ilikuwa kambi ya wavuvi kando ya mto: vibanda vya muda ambamo wavuvi walilala, walikausha samaki na kupika chakula chao wakati wa msimu wa uvuvi. Wakaaji wa Kisangani wanaelewa hilo bila kuelezwa sana, kwa kuwa Wagenya wanavua katika maporomoko ya mto Kongo mpaka leo, na kambi za wavuvi ziko juu na chini ya mto.

Mjini, neno likahama. Mtu aliyetoka mtoni alitafuta mahali pa kula samaki kama alivyozoea kambini, na mwanamke aliyejua kupika akafungua mlango wa lupango yake. Kwanza chakula, kiisha pombe ya kuteremsha chakula. Njo maana mpaka leo nganda ya kweli haiko baa tu. Iko na moto wa makala. Iko na samaki wa kuchoma ao liboke lililofungwa ndani ya majani, iko na kwanga, na hapa kwetu iko na lituma, ile ndizi iliyopondwa ambayo mtoto wa Kisangani akiwa mbali anaiota usiku.

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanazoea kusema kabare. Majina ni tofauti, lakini kazi ni ileile: mahali padogo, mara mingi ndani ya lupango ya mtu, panapouzishwa pombe, sukari na chakula.

Kisangani, mji wa mama wafanyabiashara

Biashara ya wanawake katika mji huu haikuanza jana. Mwaka 1973, tarehe 30 Novemba, Rais Mobutu alitangaza hatua iliyoitwa Zairianisation: maduka na mashamba ya wageni yakapewa Wazairi. Mingi yalianguka kwa muda mfupi. Bidhaa zikakosekana, mishahara ikapoteza uzito. Katika hali hiyo wanawake wa Kisangani walishika njia ya mto: mchele, maharagi na samaki wa kukausha vikateremka Kinshasa kwa mashua, na bidhaa zingine zikapanda.

Mtafiti Janet MacGaffey alikuja kufanya utafiti wake hapa mwisho wa miaka ya 1970, na mwaka 1987 akatoa kitabu juu ya wafanyabiashara wa Kisangani. Alionyesha kama kulikuwa na watu waliojenga biashara yao bila kutegemea cheo cha serikali, na kati yao wanawake walikuwamo.

Lakini sheria haikuwa upande wao. Kodi ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilisema mwanamke aliyeolewa anapaswa kupata ruhusa ya mume wake kabla ya kufanya kitendo chochote cha kisheria kinachomfunga yeye mwenyewe. Maana yake: kutia sahihi kwenye mkataba wa nyumba, kuomba mkopo, kufungua biashara kwa jina lake, vyote vilipita kwa mume. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Ni juzi tu. Kuna mama wanaokaa nyuma ya daftari leo waliofanya kazi miaka mingi wakati sheria iliwahesabu kama watoto.

Juu ya hiyo kuna maneno ya watu. Mwanamke anayeuzisha pombe anaitwa majina mabaya, na binti anayeleta chupa mezani anafikiriwa kuwa sehemu ya bidhaa. Tusome vizuri: kazi yake ni kuleta chupa, kuhesabu na kupokea feza. Mteja aliyelipa pombe amelipa pombe tu.

Pombe na siasa: Lumumba na Polar

Wazee wa mji wanajua Patrice Lumumba alikuwa mtu wa posta hapa Stanleyville. Alifika mwaka 1944, akafanya kazi, akaongoza chama cha wale walioitwa evolue, na mwaka 1956 akakamatwa kwa shauri la feza za posta. Alipotoka gerezani mwaka 1957 alikwenda Léopoldville, na kazi aliyopata ilikuwa ya kiwanda cha pombe, Bracongo. Kiwanda hicho kilitengeneza bia ya Polar, na mshindani wake mkubwa alikuwa Primus ya Bralima.

Kazi ya Lumumba ilikuwa kuuzisha Polar. Maana yake kuzunguka baa za mji, kukaa na watu, kusema nao, kusikia malalamiko yao. Mwezi wa Oktoba 1958 chama cha MNC kikaanzishwa naye akiwa kiongozi. Watu waliokuwa wamemsikia akisifu pombe wakaanza kumsikia akidai uhuru. Wenye viwanda walijua tangu zamani kama baa ni mahali ambapo watu wanasikilizana, na ndiyo sababu walishindania kila ukuta na kila meza. Mashindano hayo yangali yanaendelea.

Rangi ya ukuta ina maana gani

Bralima ilianzishwa mwaka 1923 huko Léopoldville, na katika miaka ya 1980 iliingia chini ya Heineken ya Uholanzi. Hapa Kisangani iko na kiwanda. Upande mwingine kuna kundi la Castel la Ufaransa, lenye Bracongo Kinshasa na Brasimba ambayo iko na viwanda Lubumbashi na Beni. Primus, Turbo King na Mützig ni za kundi la kwanza. Simba, Tembo, Skol na Nkoyi zinatoka upande wa pili.

Sosyete za pombe hazinunui nganda. Zinafanya kitu chenye bei ndogo kuliko hicho: zinapaka ukuta, zinatoa viti, mwavuli, bango, na wakati mwingine frigo. Mama anafurahi kwa sababu viti na frigo ni bei kali. Kwa upande wake, frigo yenye jina la pombe fulani inatakiwa ionekane na pombe hiyo ndani. Hivyo nganda inakuwa tangazo la sosyete mtaani, usiku na mchana, na mwenye lupango haandikwi mshahara.

Hakuna ubaya katika mpango huo kama pande zote mbili zimeuelewa. Shida inaanza wakati mama hajui kilichoandikwa kwenye karatasi. Kabla ya kupokea frigo ao viti, aulize mambo matatu: Hiki kitu ni changu ao ni cha kuazimwa? Kikiharibika nani anatengeneza? Nikiuzisha pombe ya sosyete ingine, nitanyang'anywa? Na jibu liandikwe.

Hesabu ya kasiye

Wateja wengi wanafikiri mama wa nganda ni tajiri, kwa kuwa wanaona feza zikiingia mkononi mwake usiku wote. Tufanye hesabu pamoja.

Kasiye moja ya chupa kubwa iko na chupa 12. Mama anainunua kwenye depo, anailipia usafiri kwa pikipiki, toleka ao pusupusu, anaitia baridi, kiisha anauzisha chupa moja moja. Tuchukue mfano: tuseme akiuzisha chupa zote 12, faida yake kwa kasiye ni sawa na bei ya chupa mbili. Chupa kumi zinarudisha feza ya depo na usafiri, mbili ndizo zake.

Sasa mteja mmoja amekunywa chupa moja akasema, "Mama, andika, nitalipa mwisho wa mwezi." Faida imebaki chupa moja. Mteja mwingine ameamka kwa furaha kucheza rumba, amegonga meza, chupa imeanguka na kuvunjika kabla hajalipa. Faida imekwisha. Kasiye nzima imeuzishwa, watu wamefurahi, na mama amefanya kazi ya bure mpaka saa sita ya usiku.

Tena chupa yenyewe iko na bei. Chupa tupu, ile tunayoita vidanje, pamoja na kasiye yake, ni mali. Huwezi kwenda depo mikono mitupu: unapeleka vidanje, unapewa zilizojaa. Mtu anayeanza nganda ananunua kwanza vidanje, na kwa wengi hapo njo mtaji mkubwa unapolala. Chupa moja ikipotea, siku ya kwenda depo kasiye haitimii, na mama anapaswa kulipa tundu hilo. Njo maana mteja akitaka kuondoka na chupa anaombwa kuacha feza ya vidanje. Sio dharau. Chupa hiyo ni sehemu ya duka lake.

Mtaji unatoka wapi? Kwa wengi unatoka likelemba: wanawake kumi ao kumi na wawili wanachanga kila juma, na kila mmoja anapokea zamu yake. Wengine, wakibanwa na ugonjwa wa mtoto ao feza ya masomo, wanakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, ule mkopo unaoitwa banki lamberi, ambao riba yake inaweza kumeza biashara yote. Mama anayekopa huko ili kulipa kasiye ambazo wateja wamekunywa kwa deni anabeba mzigo mara mbili.

Baridi inatoka wapi

Swali la kwanza la mteja ni moja: "Mama, iko na baridi?" Na jibu linategemea mto Tshopo. Umeme wa mji unatoka kwenye kituo cha maporomoko ya Tshopo, kilichojengwa wakati wa Wabelgiji. Mitambo yake ni mitatu, na wakaaji wote wa Kisangani wanajua maana ya kusikia kama mtambo mmoja umesimama: mitaa inapewa umeme kwa zamu, na mingine inasahau rangi yake.

Umeme ukikosekana, frigo inakuwa kabati. Mama ananunua barafu, anaiweka kwenye pipa pamoja na chupa na maji. Ao anawasha jenereta, na mafuta yanakula ile faida ya chupa mbili. Bei ya chupa haiwezi kupanda kila siku ambayo umeme umekatika, kwa sababu jirani naye anauzisha. Mteja analalamika pombe haiko na baridi ya kutosha. Mama anaomba msamaha kwa kosa ambalo si lake.

Uingereza: baa karibu 800, mwenyewe mmoja

Sasa twende mbali kidogo. Wakongomani wengi wanaishi London na miji mingine ya Uingereza, na wanapopiga simu wanaeleza juu ya baa za huko, zinazoitwa pabu. Zamani pabu nyingi zilikuwa nyumba za viwanda vya pombe: kiwanda kilikuwa na nyumba, mpangaji aliendesha, naye alilazimika kununua pombe ya kiwanda hicho peke yake. Mwaka 1989 serikali iliweka mpaka kwa viwanda vikubwa vyenye zaidi ya nyumba 2,000. Viwanda vikauza nyumba nyingi, na sosyete zingine zikazinunua.

Sosyete moja inayojulikana sana ni J D Wetherspoon. Ilianzishwa mwaka 1979 na Tim Martin, katika mtaa wa Muswell Hill, kaskazini ya London. Jina Wetherspoon alilichukua kwa mwalimu wake wa zamani. Leo sosyete iko na pabu karibu 800. Mara nyingi inachukua majumba ya zamani, kama sinema, banki ao posta, na kuyageuza. Mji wa Tunbridge Wells, pabu yake iko ndani ya jumba la zamani la opera. Kila pabu inapewa jina lake la mahali, lakini kazi ndani yake inafanana.

Mtu wa Kisangani akiingia humo atashangaa kwanza kwa ukimya: katika pabu nyingi za sosyete hiyo hakuna muziki. Atakaa mezani akingoja binti aje kuuliza, na hakuna atakayekuja. Huko unasimama mwenyewe, unakwenda kaunta, unaagiza na kulipa kabla ya kunywa. Ao unaandika namba ya meza kwenye simu, unalipa kwa simu, na kinywaji kinaletwa. Hakuna daftari la madeni. Bia inapimwa kwa glasi ya painti, yaani mililita 568. Chakula kinapatikana tangu asubuhi. Ukionekana kijana, utaombwa kitambulisho, kwa sababu chini ya miaka 18 hauuzishiwi pombe.

Tofauti kubwa haionekani kwa macho. Anayekuhudumia pale ni mfanyakazi wa mshahara. Glasi ikivunjika, si feza ya masomo ya mtoto wake iliyovunjika. Umeme ni kazi ya sosyete, kodi ni kazi ya sosyete, na kwa kuwa inanunua pombe kwa wingi, bei yake mara nyingi iko chini kuliko ya majirani. Nguvu hiyo inabana wadogo. Katika mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na pabu zaidi ya 60,000, na leo zimebaki karibu 45,000. Wapangaji wa nyumba zilizofungwa kwa pombe ya sosyete kubwa walilalamika miaka mingi, mpaka mwaka 2016 kanuni ya kuwalinda ikaanza kazi katika England na Wales. Hata huko ilihitajika sheria ili mwenye kaunta asimezwe na mwenye pombe.

Mwaka 2020: mlango mmoja, funguo mbili

Kipimo cha kweli kilikuja na korona. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Tshisekedi alitangaza baa na restora zifungwe katika inchi nzima. Siku mbili baadaye, tarehe 20 Machi, pabu zote za Uingereza ziliambiwa zifunge pia. Huko England zilifunguliwa tena tarehe 4 Julai, na kwetu tarehe 22 Julai. Muda ulikaribiana.

Lakini mfanyakazi wa pabu aliyebaki nyumbani alilipwa na serikali yake asilimia 80 ya mshahara, mpaka pondi 2,500 kwa mwezi. Mama wa nganda hakuwa na mshahara wa kuhesabiwa asilimia. Alibaki na vidanje tupu, na kwa wengine mtaji ulikwenda kwenye unga na dawa. Tulipofungua mwezi wa saba, mteja alikuta viti vilevile na rangi ileile. Mwenye daftari, katika lupango fulani, alikuwa ameshabadilika.

Goma na Bukavu, 2025

Wasomaji wetu wa Kivu wanajua jaribu lingine. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Bukavu ni mji wa kiwanda cha Bralima cha tangu zamani. Mwezi wa Juni 2025 Heineken ilitangaza kama imepoteza usimamizi wa kazi zake katika miji hiyo, na ikaondoa wafanyakazi wake waliobaki. Kazi iliendelea katika miji mingine, pamoja na Kisangani.

Sosyete kubwa iliweza kuandika hasara hiyo kwenye vitabu vyake na kuendelea mahali pengine. Mwenye kabare ndogo hakuwa na mahali pengine. Pombe ikikosekana ao ikija kwa njia ndefu, bei inapanda, na vidanje vinakaa pembeni bila thamani kwa kuwa hakuna depo ya kuvipokea. Mtaji haujaibiwa, uko pale umepangwa ukutani, lakini hauwezi kununua hata kilo ya maharagi.

Wakati pombe ya kiwanda inapokuwa bei kali, watu wanarudi kwa lotoko. Hapo tunaonya. Pombe ya mawese, ile inayotoka kwenye ngazi, ni kitu kingine. Lotoko inachemshwa kwa moto, na hakuna anayepima nguvu yake. Yale matone ya kwanza yanayotoka kwenye mrija yanaweza kuwa na sumu inayoharibu macho, hata kuua. Kutengeneza lotoko kulikatazwa tangu wakati wa Wabelgiji, lakini katazo halijaondoa hatari. Mtu aliyekunywa akaanza kuona ukungu ao kupumua vibaya apelekwe hospitali haraka, asilazwe ili "pombe itoke".

Ukienda nganda: mambo ya kujua

Salimia kwanza. Mwenye nyumba ni mama, hata kama umemzidi umri. "Mama, jambo, tunaomba kiti" inafungua mlango kuliko feza ya kuonyesha mkononi.

Chupa ifunguliwe mbele yako. Ni desturi nzuri inayokulinda wewe na inamlinda yeye. Chupa iliyoletwa ikiwa wazi, irudishe kwa heshima.

Acha chupa tupu mezani ao chini ya meza. Hiyo ndiyo fakitire yako. Wakati wa kulipa mnahesabu pamoja, na hakuna ugomvi. Mtu anayesukuma chupa zake kwenye meza ya jirani anaiba.

Usiombe deni kama haujui siku ya kulipa. Kumbuka ile kasiye: chupa yako moja ni nusu ya faida yake.

Ukivunja chupa, lipa pombe na lipa vidanje. Usingoje uambiwe.

Mtoto asiletwe kunywa, wala asitumwe kununua pombe. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu chini ya miaka 18, na inalinda mtoto juu ya pombe.

Na wewe mama mwenye nganda: tenga daftari ya nyumba na daftari ya biashara. Ukilipa patente ao taksi yoyote, omba risiti yenye muhuri na uitunze pamoja. Anayekataa kuandika risiti hajaja kwa jina la serikali. Muziki uteremshwe usiku, kwa sababu nyuma ya ukuta kuna mgonjwa, na kuna mwanafunzi anayefanya mtihani kesho. Rumba yetu iliandikwa na UNESCO tarehe 14 Desemba 2021 kama urithi wa utamaduni wa binadamu. Urithi huo hauhitaji kupasua masikio ya jirani.

Kwa kumaliza

Hatusemi Kisangani iwe kama Uingereza. Mtu wetu akikaa kwenye jumba kubwa lisilo na muziki, pasipo mama wa kumuuliza habari ya nyumbani, atatafuta mlango mapema. Nganda inatupa kitu ambacho sosyete ya baa 800 haiwezi kupanga toka ofisini: mtu anayejua jina lako, anayejua kama mtoto wako alikuwa mgonjwa, na anayekataa kukuletea chupa ya sita kwa kuwa anajua mke wako anangoja.

Lakini mtu huyo anabeba peke yake mizigo ambayo huko inabebwa na sosyete na serikali: umeme, usafiri, chupa zilizovunjika, vita, ugonjwa, na madeni yetu. Mbili za kwanza zinaomba viongozi. Vita na ugonjwa hatuviwezi peke yetu. Chupa zilizovunjika na madeni ni zetu sisi tunaokaa kwenye viti vyake. Kesho jioni, ukipita karibu na nganda ambako jina lako liko kwenye daftari, ingia, salimia, lipa. Kiisha njo uombe moja ya baridi.